Kipulizio cha Eliakim

Jua lilikuwa linaegemea upande wa Uganda Jeruto alipofika Bumula kununua kipulizio cha rangi, na tayari alikuwa amemdharau mtu wa kumuuzia.

Hakuwa amewahi kumwona. Haikuwa lazima. Baba yake, fundi Kimaiyo wa Matisi kule Kitale, alikuwa amemweleza ya kutosha: mzee anaitwa Wekoye, anauza vyombo vya ndugu yake aliyekufa, na ana maneno mengi. Jeruto alikuwa na miaka ishirini na miwili, na wazee wenye maneno mengi alikuwa ameshakutana nao vya kutosha.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Fundi Kimaiyo alikuwa amepaka ngozi rangi kwa kitambaa na brashi tangu kabla Jeruto hajazaliwa, lakini sasa mkono ulitetemeka, na brashi ikawa inaacha michirizi kama makucha ya paka. Halafu mtindo nao ukabadilika. Mwaka huo wa tisini na mbili wanawake wa mjini walitaka mikoba ambayo rangi imekolea pembeni na kufifia polepole kuelekea katikati. Kitambaa hakiiwezi kazi hiyo. Kinachoiweza ni kipulizio: chombo kidogo cha chuma, unakishika kama kalamu, hewa inaingia nyuma, rangi inatoka mbele kama ukungu. Vipya vilikuwa Nairobi. Cha mkono wa pili kilikuwa Bumula.

Na Jeruto ndiye aliyetumwa kwa sababu alikuwa nyumbani, akingoja Alhamisi.

Muhula uliotangulia, katika mdahalo, mbele ya ukumbi uliojaa, alikuwa amesema jambo ambalo kila mtu chuoni alilijua na hakuna aliyelitamka: kwamba msimamizi wa mabweni huwapa vyumba kwanza wasichana wanaokubali kumtembelea kwake jioni. Alilisema bila kukwama. Kesho yake akasimamishwa masomo. Wasichana kumi na mmoja wakamjia mmoja mmoja, wakamnong'oneza yaliyowapata, na wote wakamaliza kwa neno lile lile: sema wewe, Jeruto, wewe ndiye unajua kusema. Basi Alhamisi saa nne asubuhi angesimama mbele ya kamati ya wazee watano wenye tai. Utetezi wa karatasi hawakuutaka. Asiyejitetea kwa kinywa chake alihesabiwa amekiri, anafukuzwa, na yale ya wasichana kumi na mmoja yanazikwa naye.

Hakuwa na wakili. Alikuwa na sauti, basi.

Wekoye alikuwa anamngoja uani, kofia kichwani. Alimkaribisha, akamsifu, akamuuliza yeye ni wa nani, akamsimulia habari za mahindi, akaja kwa marehemu Eliakim, fundi wa ngozi ambaye hata wenye mashamba makubwa ya Kitale walimfuata hadi hapo na matandiko yao ya farasi. Aliongea kama mtu aliyefungiwa maneno mwaka mzima na sasa anayamwaga yote kwa mkupuo. Jeruto alimkatiza. Akaomba kukiona chombo.

Wekoye hakukileta. Alionyesha kwa kidevu. Kilikuwa juu ya kigoda, kimeviringishwa kitambaa cheusi.

"Fungua wewe," akasema. "Mikono yangu ina mafuta."

Mikono yake ilikuwa mikavu kabisa.

Jeruto alifungua. Alikuwa amesoma kijitabu kizima kuhusu vyombo hivi, maana hakuwa mtu wa kuingia uwanjani bila kujitayarisha. Akachomoa sindano kwa nyuma, akaiviringisha juu ya kioo cha saa yake. Iliyopinda hurukaruka, hii ilitambaa sawasawa. Akaielekeza ncha kwenye jua aone kama imepasuka. Akakagua washa, vile vipete vya ndani vinavyozuia kuvuja: zilikuwa zile ngumu nyeupe, si za mpira, na hilo lilimpendeza, kwa sababu rangi ya ngozi huyeyushwa kwa spiriti na spiriti huvimbisha mpira. Kikombe cha rangi kilikuwa juu, si chini, kwa hiyo rangi ingeshuka yenyewe hata hewa ikiwa kidogo. Akabonyeza kitufe: chini hewa, kuvuta nyuma rangi. Kilikuwa laini kama kimetiwa mafuta jana. Akamuuliza Wekoye marehemu alikuwa anakiosha kwa nini.

"Mimi sijui mambo ya kuosha," Wekoye alisema. "Hiyo ni mali ya ndugu yangu. Mimi najua bei tu."

Jeruto alijiuma mdomo asicheke. Ndugu mzima, amerithi ufundi wa maisha ya mtu, na anachojua ni bei.

Pale uani palikuwa na tyubu ya lori iliyojazwa upepo. Jeruto aliunganisha mpira wa hewa mwenyewe, akamimina maji kikombeni, akapulizia ukuta wa udongo. Ukungu ukatoka, mwembamba, mzuri. Doa lenye ukingo laini likatokea ukutani.

Halafu akasikia harufu.

Pombe ya busaa... na kitunguu kibichi. Harufu ya kinywa cha mtu, yenye joto, kama mtu ameinama kumwambia siri. Akageuka amkaripie Wekoye asimsogelee hivyo.

Wekoye alikuwa hatua kumi nyuma, karibu na boma la ng'ombe.

Kabla Jeruto hajasema neno, mwanamke mmoja alitoka jikoni mbio, akamshika kifundo cha mkono. Alikuwa wa makamo, kitambaa kimefungwa shingoni, mikono ina majivu. Hakusema kitu. Aliigusa ile ncha ya kipulizio kwa kidole, akajigusa midomo, akatikisa kichwa. Akarudia. Ncha. Midomo. Hapana. Macho yalikuwa yanamtoka.

"Achana na huyo," Wekoye alisema haraka. "Ni Dinah, mjane wa Eliakim. Haongei. Tangu mwaka jana haongei. Ni huzuni."

Jeruto alipiga hesabu papo hapo, hakuweza kujizuia. Wekoye mwenyewe alikuwa amesema Eliakim alikufa mwaka wa themanini na nane. Huzuni gani hii inayokaa miaka mitatu ndipo ikumbuke kushika koo? Hapana. Hapa kuna mwanaume amemtisha mjane mpaka akanyamaza, ili auze vitu vya marehemu kwa raha zake. Damu ilimchemka. Akamtazama Wekoye kutoka kofia hadi viatu, akajiapia kwamba akimaliza ya kamati atarudi kwa ajili ya mama huyu.

Kisha akalipa, akachukua kipulizio, akaenda zake. Hasira yake ilikuwa kubwa, lakini haikumzuia kununua.

Fundi Kimaiyo alikipokea kama mtoto mchanga. Katika kibanda chao cha mbao pale Matisi, wakaunganisha mpira na gurudumu la spea ambalo wangelijaza upepo kwenye kituo cha mafuta, na Jeruto akamfundisha baba yake sheria. Rangi ichujwe kwa kipande cha soksi ya nailoni. Baada ya kila mkoba, pitisha maji, halafu spiriti, mpaka kinachotoka ni cheupe. Jioni, toa sindano, ipanguse kuelekea kwenye ncha, kamwe si kinyume. Na rangi isiachwe kikombeni hata dakika tano, itakauka ndani na kuziba.

"Ikiziba unapuliza tu kwa mdomo," fundi Kimaiyo alisema. "Stovu zote tulikuwa tunazibua hivyo. Pfu, inatoka."

"Baba, hii si stovu. Mate yataharibu."

Fundi Kimaiyo alicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha mtu wa kwaya. Kila Jumapili besi yake ndiyo iliyobeba wimbo. Hakujua kusoma, lakini nyimbo zote alizijua kwa kichwa. Akamwambia binti yake kwamba siku hizi hata kupuliza kunasomewa.

Mikoba ilitoka mizuri. Ishirini, ishirini na moja... Wateja walisimama mlangoni kuangalia tu. Harufu ile ya busaa na kitunguu ilikuja na kuondoka. Jeruto aliilaumu ngozi.

Jumanne jioni ulibaki mkoba mmoja. Fundi Kimaiyo alikuwa ameenda kwenye maombi. Jeruto alitia rangi ya kahawia kikombeni, akapulizia upande mmoja, kisha hoja yake ya tatu kwa kamati ikamjia, nzuri mno, akaweka kipulizio mezani aisemee hewa. Aliisema mara moja. Akaibadilisha. Akaisema tena, akitembea, mkono ukikata hewa. Wazee watano wale aliwaona mbele yake wakikunja nyuso. Alipogeuka nyuma, mwanga mwekundu ulikuwa umeingia mlangoni, na nusu saa ilikuwa imepita.

Yeye mwenyewe, mwenye sheria zake. Rangi ilikuwa imekauka.

Alibonyeza. Hewa ikatoka kidogo, shhh, rangi hapana. Akabonyeza tena mpaka gurudumu likaisha upepo. Akatoa sindano, akaipangusa, akairudisha. Bado. Spiriti ilikuwa imeisha chupani. Kituo cha mafuta kilikuwa mbali na giza linaingia. Kesho alitaka siku nzima ya kujitayarisha.

Akauchomoa mpira wa hewa. Akatazama mlangoni kama kuna mtu.

Akaweka ncha midomoni, akapuliza.

Haikutoka.

Akapuliza tena, kwa nguvu ya kifua chote... na kitu ndani ya chuma kikavuta.

Kilivuta kama mtu aliyezama akipata hewa. Kilivuta pumzi ya kinywani, ya kooni, ya chini kabisa ya kifua, na Jeruto hakuweza kuitoa midomo yake pale. Alisikia ladha ya busaa. Alisikia kitu kikipita kooni kutoka ndani kwenda nje, chembamba, kirefu, kama uzi unaochomolewa kwenye nguo.

Kikamwachia.

Alianguka kwenye rundo la vipande vya ngozi. Akafungua mdomo amwite baba yake. Midomo ilicheza. Ulimi ulicheza. Sauti haikuwapo.

Kipulizio kilikuwa sakafuni. Mpira haukuunganishwa. Gurudumu lilikuwa tupu. Kitufe kilikuwa hakijaguswa na mtu.

Ukungu wa kahawia ukatoka kwenye ncha, kidogo, ukarudi ndani. Ukatoka. Ukarudi.

Na kwa sauti ya chini, sauti safi ya mwanamke, kikasema: "Waheshimiwa wanakamati... hoja yangu ya tatu..."

Ilikuwa sauti yake.

Asubuhi ya Jumatano baba yake alimpa maji ya chumvi, akasema ni baridi tu, akatoka kwenda kutafuta spiriti. Alikuwa hajafika barabarani mwanamke mmoja alipoingia kibandani anahema. Dinah. Kitambaa cha shingoni hakikuwapo.

"Umepuliza," Dinah alisema.

Alikuwa anaongea. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa siku nyingi, lakini ilikuwa sauti. Alikaa chini bila kukaribishwa, akaeleza kwa kunong'ona, akitazama kipulizio mezani kama mtu anavyomtazama nyoka. Eliakim alikuwa na kifua kibovu, na hakuwahi kufunga kitambaa puani akipaka rangi. Alikuwa anajiona yeye ni chuma. Siku ya mwisho chombo kiliziba, akakipuliza kwa mdomo, akafia hapo hapo, kingali midomoni. Pumzi yake iliingia mle haikutoka. Baadaye Wekoye alikijaribu akawa bubu. Mwaka mzima. Halafu siku moja akampa yeye, shemeji yake, akioshe, kimeziba, akamwonyesha kwa mkono: puliza.

"Nilipopuliza, alicheka kwa sauti," Dinah alisema. "Mbele yangu."

Jana jioni alikuwa anachota maji mtoni, akajisikia anaimba. Hapo akajua ni nani. Akakodi baiskeli hadi barabarani kabla jua halijatoka. Angekuwa na ufunguo wa sanduku ambamo Wekoye alikuwa amekifungia, alisema, chombo hiki kingekuwa kimeozea ardhini zamani.

Jeruto alimshika mabega. Midomo yake ilisema neno moja bila sauti: vipi?

"Inarudi akipuliza mwingine." Dinah aliinamisha macho. "Ama unakizika na unabaki hivyo, mwanangu. Mimi siwezi tena. Nimekuja kukuambia tu, ndiyo usiseme hukuambiwa."

Akaenda.

Jeruto alikitazama kipulizio siku nzima. Shimo la taka lilikuwa nyuma ya kibanda. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mara mbili alilishika.

Hakukizika. Na tusimsaidie kwa uongo: hakusahau, hakuzimia, hakuitwa mahali. Alikiacha mezani, katikati kabisa, kimeziba, karibu na ule mkoba mmoja uliobaki. Kisha akaenda kukaa mlangoni.

Fundi Kimaiyo alirudi jioni akiimba. Spiriti hakupata, duka lilikuwa limefungwa. Alimuuliza binti yake koo linaendeleaje, akampapasa kichwa, akasema amalizie basi huu mkoba, kesho Jeruto aende chuo akijua kazi imekwisha. Akaunganisha mpira na gurudumu, alilokuwa amelijaza upepo njiani, akaketi. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akakitikisa sikioni.

"Kimeziba hiki," alisema.

Zilikuwa hatua nne kutoka mlangoni hadi mezani. Hatua nne hazihitaji sauti. Jeruto alisimama. Aliwaza wasichana kumi na mmoja. Aliwaza Alhamisi saa nne. Aliwaza kwamba labda Dinah ni mwongo, kwamba huu wote ni ujinga wa watu wa mashambani, na alikumbuka jinsi alivyowadharau hao hao. Hoja zilimjia upesi, zote zimepangwa vizuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Baba yake alifuta ncha kwa shati. Akaiweka midomoni, akapuliza.

"Baba!"

Ilikuwa sauti yake. Nzima, kubwa, ya kujaza ukumbi.

Fundi Kimaiyo aligeuka. Mdomo wake ulikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka, na mle kibandani hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ile ya Jeruto ikiita baba, baba, baba, kana kwamba inafurahia kurudi.

Alhamisi aliongea dakika arobaini. Wazee watano walianza na kukunja nyuso wakaishia kuangalia viatu vyao. Alirudishwa masomoni. Msimamizi wa mabweni aliadhibiwa vikali: akahamishiwa ofisi nyingine, yenye zulia. Wasichana kumi na mmoja walimkumbatia mlangoni, wakalia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, alipofika hoja ya tatu, alinyamaza kidogo na kufunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa amesikia harufu kwenye pumzi yake mwenyewe. Busaa na kitunguu.

Kwaya ilipata besi mwingine.

Desemba, Jeruto akiwa likizo, alikuja mtu mmoja kibandani jua likizama. Aliitwa Kipsang, mshona viatu kutoka Kipsongo, mchangamfu, mkewe ana mimba. Alikuwa amesikia kwamba fundi Kimaiyo hafanyi kazi tena na kwamba kuna kipulizio. Alisimulia mipango yake yote akiwa bado amesimama.

Fundi Kimaiyo aliinuka kitini. Alimshika Kipsang kifundo cha mkono. Akaelekeza kidole kwenye kitu kilichoviringishwa kitambaa juu ya meza, akajigusa midomo, akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia binti yake, akatikisa kichwa tena, polepole zaidi. Hapana. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alikuwa anamwomba.

"Mzee anasemaje?" Kipsang aliuliza.

Jeruto alimtazama baba yake. Alitamani aimbe, hata mara moja tu.

"Huyo haongei," alisema. "Ni huzuni."

Akarudi nyuma hatua nne, mpaka mgongo ukagusa mlango, akaonyesha meza kwa kidevu.

"Fungua wewe. Mikono yangu ina mafuta."